Warsha ya ufundishaji kwa wahadhiri: mwongozo wa kuiandaa hadi darasa libadilike

Vyuo vikuu vyetu huajiri walimu kwa GPA. Tangazo la nafasi ya TA (Tutorial Assistant, ngazi ya chini ya walimu wa chuo kikuu) nchini Tanzania hutaka GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, na anayeomba uhadhiri msaidizi huongezewa sharti la 4.0 ya shahada ya uzamili. Kwenye usaili huenda akaombwa awasilishe mada fupi, na mara nyingi habari ya ufundishaji huishia hapo. Mwenzake wa kitivo cha elimu alipitia BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, akakaguliwa na mtu aliyekaa nyuma ya darasa na daftari mkononi. Mhandisi, mwanasheria, mchumi na daktari hawakukaguliwa na yeyote. Basi hufundisha kama walivyofundishwa: slaidi sabini kwa saa mbili, kisha "kuna swali?", kisha kimya, kisha wanafunzi wanaondoka kwenda kutafuta madesa (notsi za kurithiana) ya mwaka jana.

Chuo kikishalitambua tatizo hilo huandaa warsha. Tunazijua. Siku mbili hotelini, mgeni rasmi, mada sita, na mtoa mada anayesoma slaidi zinazoeleza ubaya wa kusoma slaidi. Wahadhiri hupiga picha ya pamoja na kurudi darasani kufanya walichokuwa wakikifanya juzi.

Mwongozo huu ni wa warsha ya aina nyingine: ile ambayo kila mshiriki anafundisha, anatazamwa, anaambiwa ukweli, na anafundisha tena. Wazo si jipya. Chuo Kikuu cha Stanford kilianza kuwafunza walimu kwa masomo mafupi ya majaribio mwaka 1963, na mwishoni mwa miaka ya 1970 walimu wa vyuo wa jimbo la British Columbia, Kanada, wakalijenga kuwa warsha kamili ya vikundi vidogo, kila mtu akifundisha dakika kumi. Nimeuchukua mfano huo na kuupanga kwa chuo cha kwetu: wahadhiri ishirini, siku tatu, na muhula mzima wa kufuatilia.

Kabla ya kuandika andiko la kuomba fedha

Usianze na mada. Anza na darasa. Chagua kozi tano zenye wanafunzi wengi, ikiwezekana zile zinazoongoza kwa sapu, yaani mitihani ya marudio, na uombe ruhusa ya kukaa nyuma ya kila darasa kwa kipindi kimoja. Beba saa na karatasi. Andika mambo matatu tu: mhadhiri aliongea kwa dakika ngapi mfululizo, aliuliza maswali mangapi ambayo mwanafunzi alijibu kweli, na wanafunzi wa safu za nyuma walikuwa wakifanya nini. Usiandike kama somo lilikuwa zuri au baya. Hayo maoni yako hayatakusaidia mezani kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, lakini "dakika 94 za kuongea, maswali mawili yaliyojibiwa" yanasomeka hata na mtu wa uhasibu.

Kisha kaa na ma-CR (wawakilishi wa darasa) wa kozi hizo, mmoja mmoja, mbali na ofisi ya mhadhiri. Waulize wanafunzi wanajifunzia wapi hasa. Jibu utakalolipata mara nyingi ni kikundi cha WhatsApp, madesa, na mwanafunzi mmoja hodari anayewafundisha wenzake usiku wa kuamkia mtihani. Huyo mwanafunzi ni taarifa muhimu sana: maana yake somo linaelezeka, ila halikuelezwa darasani.

Mwisho chukua mitihani ya miaka miwili iliyopita ya kozi hizo. Hesabu maswali yanayoanza na "taja" na "eleza", na yanayomtaka mwanafunzi atumie alichojifunza kwenye jambo ambalo hajaliona. Yote haya yaandike kwenye ukurasa mmoja bila majina ya wahadhiri. Ukurasa huo ndio utakaobeba warsha yako.

Fedha, na habari ya posho

Gharama halisi za warsha hii ni ndogo: chakula, chai ya saa nne, karatasi za bangokitita, kalamu za maka, fotokopi, na vitabu vichache vya kuachia maktaba. Kinachovimbisha bajeti ni hoteli na posho ya kujikimu.

Msimamo wangu: fanyieni chuoni. Ukumbi wa hoteli una viti laini, kiyoyozi na projekta inayofanya kazi, na hayo yote ni uongo kwa mtu anayekwenda kufundisha watu mia tatu kwenye mabenchi yaliyopigiliwa sakafuni huku umeme ukikatika. Mhadhiri ajizoeze mahali atakapofundishia. Zaidi ya hapo, warsha ikifanyika Bagamoyo au Morogoro, uongozi utataka iwe kubwa ili safari ilipe, na wahadhiri sitini hawawezi kufundisha mmoja mmoja kwa siku tatu.

Kuhusu posho, semeni mapema na semeni wazi kwenye barua ya mwaliko. Ikiwa ipo, itajwe kiasi na siku ya kulipwa. Ikiwa hakuna isipokuwa chakula na nauli, iandikwe hivyo. Warsha nyingi huharibika siku ya pili saa tano, watu wanapoanza kuulizana pembeni kuhusu "karatasi ya kusaini", na mwezeshaji anabaki na nusu ya ukumbi. Kama chuo chenu kina fungu la mradi, kwa mfano vyuo vya umma vilivyomo kwenye HEET, mradi wa elimu ya juu wa Dola milioni 425 za Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2021, ulizeni kama mafunzo ya walimu yana kifungu chake. Mitaala iliyohuishwa inahitaji mtu wa kuifundisha.

Kuna malipo mengine yanayomshawishi mhadhiri kuliko posho, nayo ni muda. Kupanda cheo kunategemea zaidi machapisho, na kila siku anayokaa kwenye warsha anaihesabu kama siku ya andiko lililolala. Zungumza na mkuu wa idara kila mshiriki apunguziwe kitu kimoja muhula huo, hata kama ni usimamizi wa mitihani ya majaribio tu. Na uombe kwa maandishi kwamba ushiriki utahesabika kwenye faili lake la kupandishwa cheo chini ya kipengele cha ufundishaji. Ukikosa vyote viwili, endelea, lakini punguza matarajio.

Wawezeshaji wanne na vikundi vinne

Washiriki ishirini ni vikundi vinne vya watu watano. Kila kikundi kina mwezeshaji wake na chumba chake. Wawezeshaji si lazima wawe maprofesa wa elimu. Tafuta watu ambao wanafunzi huhudhuria vipindi vyao hata pasipo kuitwa mahudhurio, wenye masikio kuliko mdomo. Angalau mmoja awe mtu wa sayansi au uhandisi, la sivyo nusu ya washiriki watasema "hayo ni mambo ya watu wa elimu" na kufunga masikio.

Wawezeshaji wakutane siku nzima kabla ya warsha na wafundishane wenyewe kwa wenyewe, kwa kanuni zilezile zitakazotumika. Siku hiyo isikatwe hata bajeti ikibana.

Upangaji wa vikundi unahitaji akili ya mtu anayekijua chuo. Changanya fani: mwanasheria asikilizwe na mtu wa kilimo, kwa kuwa mtu wa kilimo hajui sheria na atapotea pale ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angepotea. Kamwe usimweke msimamizi na mwanafunzi wake wa uzamivu kwenye kikundi kimoja, wala mkuu wa idara na TA wake. TA hawezi kumwambia Profesa kwamba hakuelewa kitu. Atasema "ilikuwa nzuri sana, Prof.", na Profesa ataondoka akiamini. Maprofesa wakiwa wengi wawekeni pamoja. Wao kwa wao huambiana mambo mazito, tena kwa furaha.

Tarehe, na mzigo wa kuja nao

Iwe wiki mbili kabla ya muhula kuanza. Vyuo vyetu vingi hufungua mwaka wa masomo kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo Septemba mwishoni panafaa. Warsha ya baada ya muhula huwapata watu wamechoka na wana rundo la kusahihisha, na walichojifunza kitakaa miezi bila kutumika.

Barua ya mwaliko imtake kila mshiriki aje na vitu vitatu: muhtasari wa kozi atakayofundisha muhula ujao, mtihani wake wa mwisho aliotunga, na slaidi au daftari la kipindi kimoja ambacho wanafunzi huwa hawakielewi. Asiyekuja navyo apewe kompyuta ya chuo saa moja asubuhi siku ya kwanza avitafute. Bila vitu hivyo mazungumzo yote yatakuwa ya hewani.

Siku ya kwanza: kozi na mtihani

Anza saa mbili na nusu kamili, bila mgeni rasmi. Kama uongozi unasisitiza awepo, mpangie siku ya tatu mchana, aje kusikiliza badala ya kufungua.

Nusu saa ya kwanza bandika ule ukurasa wako mmoja ukutani na uwaachie wausome wakiwa wamesimama. Waulize swali moja: "Kati ya haya, lipi linafanana na darasa lako?" Waandike, wasiseme. Utashangaa watu wanavyoandika wakijua hakuna atakayewanyooshea kidole.

Kisha zoezi refu la asubuhi. Kila mmoja aweke muhtasari wa kozi kushoto na mtihani wake kulia, achore mstari kutoka kila tokeo la kujifunza hadi swali linalolipima. Ndani ya dakika ishirini ukumbi hunyamaza. Kozi imeandikwa kwamba mwanafunzi "ataweza kubuni mfumo wa umwagiliaji", na mtihani unamtaka ataje faida tano za umwagiliaji. Mwanafunzi si mjinga. Anasoma mtihani wa miaka iliyopita kabla ya muhtasari wa kozi, na anajifunza kinachoulizwa. John Biggs, aliyeandika mwaka 1996 juu ya kuoanisha malengo, ufundishaji na upimaji, alikuwa akisema jambo hilihili. Washiriki wafute maswali mawili kwenye mtihani wao na kuyaandika upya palepale, kisha wabadilishane na jirani ayajibu kwa mdomo.

Baada ya chakula mwezeshaji mmoja afundishe somo la dakika kumi mbele ya wote, na washiriki wamkosoe kwa kanuni zitakazotumika kesho. Mwezeshaji lazima atangulie kusulubiwa. Asipofanya hivyo hakuna atakayejiachia. Sehemu iliyobaki ya mchana ni ya kuandaa masomo, wawezeshaji wakipita mezani. Watu waondoke saa kumi. Anayeandaa somo akiwa amechoka hurudi kwenye slaidi zake za zamani.

Siku ya pili: dakika kumi za kila mtu

Hapa ndipo warsha ilipo. Kila somo lina mzunguko wa dakika arobaini: tano za kujiandaa, kumi za kufundisha, saba za wasikilizaji kuandika, kumi na tano za mazungumzo, tatu za kupumua. Watu watano ni saa tatu na dakika ishirini. Ukianza saa mbili na nusu na kuweka chai ya nusu saa katikati, mnamaliza saa sita na dakika ishirini. Mtunza saa awe mkali. Dakika kumi zikifika, anasimamishwa hata kama yuko katikati ya sentensi. Mhadhiri aliyezoea saa mbili hajui kukata, na kukata ni nusu ya ufundi wenyewe.

Masharti ya somo ni machache. Lifundishe kitu kimoja ambacho wasikilizaji hawa hawakijui. Mwanzoni mwalimu aseme watu wataweza kufanya nini dakika kumi zikiisha. Katikati wasikilizaji wafanye jambo kwa mikono, kalamu au midomo yao, si masikio tu. Kabla ya kumaliza apime kama wamelipata, kwa njia yoyote isipokuwa kuuliza "mmeelewa?" Sisi sote tunajua jibu la swali hilo ni "ndiyo", tangu darasa la kwanza.

Slaidi ziruhusiwe tatu tu. Mkiweza, kikundi kimoja kifanye bila projekta kabisa.

Rekodi kila somo kwa simu ya mwalimu mwenyewe na umwachie yeye, isibaki nakala popote. Mtu akijitazama mwenyewe akiwageuzia mgongo wanafunzi dakika nne huku akiusomea ukuta, huhitaji kumwambia lolote.

Sasa maoni. Adabu yetu ya kawaida ni adui wa zoezi hili. Tukiachwa tutasema "hongera sana, ulijipanga vizuri, ila boresha sauti kidogo", na hiyo haimfundishi mtu. Kwa upande mwingine wapo wanaodhani ukosoaji ni utetezi wa tasnifu, wakamrarua mwenzao mbele ya watu. Njia ya kupita katikati ni kumtaka kila msikilizaji aongee kama mwanafunzi aliyekuwa darasani, si kama mkaguzi. Aseme alichokiona na kilichompata. Kwa mfano:

"Nilikufuata hadi ulipoandika ile alama ya pili ubaoni. Hapo nikapotea, na sikurudi hadi ulipotoa mfano wa maji ya tangi."

"Uliuliza swali, ukalijibu mwenyewe. Nilikuwa nalo jibu nusu."

"Ulitutazama sisi wawili wa mbele tu. Nikaanza kuangalia simu."

Sentensi za namna hiyo hazimwumizi mtu wala hazibishiki, kwa sababu hakuna anayeweza kukuambia hukupotea. Mwalimu aliyefundisha ndiye aanze kuzungumza: alitaka nini kitokee, na kilitokea nini. Kisha asikilize bila kujitetea. Akianza "ni kwa sababu muda ulikuwa mfupi", mwezeshaji amkatize kwa upole: "Dokta, tuwasikilize kwanza." Mwisho ataje jambo moja tu atakalolibadilisha kesho. Akitaja matano hatabadilisha hata moja.

Ile sentensi ya swali lililojibiwa na mwenye kuuliza itasikika karibu kila kikundi. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima jambo hili madarasani miaka ya 1970 na kukuta walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Wanapojizuia hadi sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Kwetu subiri zaidi, kwa sababu mwanafunzi anaufikiria mfano kwa Kiswahili na anautafutia Kiingereza kabla ya kunyoosha mkono. Wafundishe washiriki kuhesabu moja hadi tano kimyakimya. Mara ya kwanza wataona karne imepita.

Na hapo pana suala la lugha ambalo warsha nyingi huliruka. Lugha rasmi ya kufundishia chuo kikuu ni Kiingereza, na wengi wa wanafunzi wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Ukimya wa darasa mara nyingi si wa kutoelewa somo, ni wa kuogopa kuchekwa. Pendekezo langu ni kuwaruhusu wajadiliane wawiliwawili kwa lugha yoyote, kisha mmoja wao aseme jibu kwa Kiingereza baada ya kulijaribu kwa jirani yake. Wapo wahadhiri watakaopinga kwa nguvu. Waambie wajaribu hivyo kwenye somo lao la siku ya tatu kisha waamue.

Mchana wa siku ya pili: darasa la watu mia tatu

Mtu atasema, na atakuwa na haki: "Haya yanawezekana kwa watu watano. Mimi nina mia tatu." Kwa hiyo mchana wote uwe wa darasa kubwa, na mfanyie ndani ya ukumbi mkubwa wenyewe.

Jaribuni kwanza njia ambayo Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza kuitumia mwaka 1991. Mhadhiri anaeleza kwa dakika chache, anaweka swali lenye majibu manne, kila mwanafunzi anachagua peke yake. Kama chini ya theluthi wamepata, eleza upya. Wakipata zaidi ya theluthi mbili, endelea. Wakiwa katikati ya hapo, waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti amshawishi, kisha wachague tena. Harvard walikuja kutumia vifaa vya kubonyeza. Sisi tunatumia vidole vilivyowekwa kifuani, ili jirani wa nyuma asione na kuiga. Kazi ngumu ni kutunga swali zuri, lile ambalo jibu baya linavutia. Wape washiriki saa nzima watunge mawili kila mmoja kwa kozi yao. Saa hiyo haitoshi, lakini wataonja ugumu wake.

Karatasi ya dakika moja ni rahisi zaidi. Kipindi kikiisha kila mwanafunzi anaandika kitu kimoja alichokipata na kimoja kilichobaki gizani, bila jina. Huna haja ya kusoma mia tatu. Chota thelathini bila kuchagua, soma kwa dakika kumi, na uanze kipindi kinachofuata kwa kujibu kilichojirudia. Ukizikusanya na usizijibu, mara ya tatu watakuletea karatasi tupu.

Kazi za vikundi zinahitaji ukali. Tunajua kikundi cha watu kumi ambamo mmoja anafanya na tisa wanaandikwa majina. Vikundi viwe vya wanne, na siku ya kuwasilisha mhadhiri achague yeye nani atasimama. Hilo moja hubadilisha mengi, pamoja na tabia ya kunakili majibu ya ChatGPT: anayejua huenda akaulizwa papo hapo hataleta asichoweza kukieleza.

Usiwafiche washiriki kuhusu upinzani watakaoukuta. Uchambuzi wa tafiti 225 uliochapishwa Marekani mwaka 2014, wa masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, ulionyesha wanafunzi waliofundishwa kwa mhadhara mtupu walifeli kwa kiwango cha kama asilimia 34, dhidi ya asilimia 22 kwa waliofanyishwa kazi darasani. Lakini utafiti wa Harvard wa mwaka 2019 kwenye fizikia ulikuta wanafunzi wa darasa la kufanya kazi wanajifunza zaidi huku wenyewe wakihisi wamejifunza kidogo. Hivyo mhadhiri ajiandae kusikia "huyu hafundishi, anatufanyisha sisi". Awaeleze wiki ya kwanza kwa nini anafanya hivyo, na arudie wiki ya nne.

Siku ya tatu

Asubuhi ni mzunguko wa pili, kikundi kilekile, na kila mtu anafundisha akiwa na lile jambo moja alilotaja jana. Hakuna cha kuongeza hapa. Tofauti itaonekana kwa macho, na ni vizuri kila kikundi kiiseme kwa sauti kabla ya chai.

Mchana kila mshiriki achukue kile kipindi kigumu alichokuja nacho na akipange upya kwa kozi halisi, tarehe halisi, chumba halisi. Mgeni rasmi aje sasa. Apite mezani aulize watu wanafanya nini. Hotuba yake itafupika yenyewe.

Kabla ya kuondoka, wagawe watatuwatatu. Kila utatu uandike tarehe mbili za kutembeleana darasani, majina na vyumba, na karatasi ibaki kwa mratibu.

Muhula wenyewe

Bila sehemu hii, rudisheni fedha. Wiki ya tatu ya muhula wale watatu watembeleane kwa mara ya kwanza, kila mgeni akiwa na karatasi ileile ya mambo matatu uliyoitumia mwanzoni. Wazungumze siku hiyohiyo kwa nusu saa, popote, hata kantini. Ziara ya pili iwe wiki ya kumi.

Wiki ya sita fanyeni maoni ya katikati ya muhula, njia iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, miaka ya 1970. Mhadhiri anatoka darasani dakika ishirini za mwisho, mwenzake wa utatu anaingia. Wanafunzi wanakaa vikundi vya watano na kujibu maswali matatu: nini kinakusaidia kujifunza kwenye kozi hii, nini kinakukwamisha, na ungependekeza nini kifanyike. Mwenzake anakusanya, anauliza panapokuwa na utata, anapima kwa mikono wangapi wanakubaliana na kila jambo, na anampelekea mhadhiri muhtasari bila jina la mwanafunzi. Kipindi kinachofuata mhadhiri anawaambia: hili nitalibadilisha, hili siwezi kwa sababu hii. Fomu za tathmini za mwisho wa muhula huwasaidia wanafunzi wa mwaka ujao. Hii inawasaidia waliojaza.

Muhtasari huo ni mali ya mhadhiri. Usipelekwe kwa mkuu wa idara, kwa amidi, wala kwa ofisi ya udhibiti ubora. Ukivuja mara moja tu, warsha ya mwaka ujao haitapata watu, na watakaokuja watakuwa wametumwa. Ofisi ikitaka ripoti, mpe idadi ya ziara zilizofanyika na mambo yaliyojirudia kwa jumla.

Kupima kama kuna kilichobadilika

Fomu ya siku ya mwisho inayouliza kama chakula kilikuwa kizuri na mwezeshaji aliwasilisha vizuri haina kazi. Pima vitu vitatu. Rudi nyuma ya madarasa yaleyale kama awali ukiwa na saa, uhesabu dakika na maswali. Chukua mtihani mpya wa kila mshiriki uuweke kando ya ule aliokuja nao Septemba. Na waulize ma-CR tena wanafunzi wanajifunzia wapi. Idadi ya sapu itazame, lakini usiitangazie mtu mwaka wa kwanza. Inapanda na kushuka kwa sababu nyingi, na mtihani ukiboreshwa huenda ikapanda kwanza.

Vyeti vitolewe mwisho wa muhula, kwa aliyetembelea na kutembelewa mara mbili na kufanya maoni ya katikati. Orodha ya waliovipata ipelekwe kwa Naibu Makamu Mkuu pamoja na ule ukurasa mmoja wa mwanzo na ukurasa mpya ulioandikwa kwa vipimo vilevile. Kisha, kabla watu hawajatawanyika kwa likizo, chagua wanne kati ya hao ishirini waliosikiliza vizuri zaidi wenzao, si waliofundisha vizuri zaidi, na uwaombe wawe wawezeshaji wa Septemba ijayo.